Wazazi Wenzangu, Watoeni Watoto Wakacheze Thelujini

Kila mwaka theluji inapoanza kutanda Winnipeg, Edmonton na Toronto, walimu hupokea ombi lile lile kutoka kwa wazazi wengi tuliotoka Bukavu, Bujumbura, Kigoma na Mombasa: mwanangu asitoke nje wakati wa mapumziko, atashikwa na kichomi. Mwalimu mwenye huruma hukubali. Wenzake wanavaa makoti na kukimbilia uwanjani, yeye anabaki maktaba. Ombi hilo linatoka katika mapenzi, lakini ni ombi baya, na shule inayolikubali bila kuuliza hata swali moja inamkosea mtoto huyo mara ya pili. Mtoto mwenye afya, aliyevishwa sawasawa, anapaswa kucheza nje siku ya theluji kama anavyocheza siku ya jua. Anayemfungia ndani anamnyang'anya haki yake, hata kama anafanya hivyo kwa nia njema.

Tuanze na kichomi, kwa kuwa ndicho kinachotutisha. Kichomi huletwa na bakteria na virusi. Hakianguki na theluji kutoka mawinguni. Ni kweli kwamba virusi vya homa ya mafua hustahimili zaidi katika hewa baridi na kavu, na kwamba majira haya wagonjwa huwa wengi. Lakini virusi lazima vitoke kwa mtu viingie kwa mtu, na watu hukaribiana zaidi chumbani kuliko uwanjani. Wafungie watoto 25 katika darasa moja, madirisha yote yamebanwa, mashine ya joto inakausha hewa kutwa nzima, mmoja akikohoa wote wanavuta pumzi yake. Dunia nzima ilifundishwa somo hilo na UVIKO-19 kwa machungu tangu 2020. Sisi tunamtoa mtoto kwenye hewa safi tunampeleka penye ugonjwa, kisha jioni akianza kukohoa tunailaumu theluji.

Sisemi baridi haina madhara. Ina madhara, na anayeichezea itamkata vidole. Idara ya mazingira ya Canada hueleza kwamba baridi ikifika nyuzi 28 chini ya sifuri, upepo ukiwa umehesabiwa, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Mtoto hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima, kwa sababu mwili wake mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake. Ndiyo maana bodi ya shule za umma za Toronto hufupisha mapumziko ya nje baridi inapozidi nyuzi 20 chini ya sifuri, na kuwaweka watoto ndani inapozidi 28. Huo ni mpaka wa watu wenye akili, nami nauheshimu. Nisichoweza kuheshimu ni mzazi anayemfungia mtoto kwa baridi ya nyuzi 5 chini ya sifuri, au mkuu wa shule anayefuta mapumziko kwa sababu watoto wakirudi watalowesha sakafu.

Wapo pia watoto ambao hofu ya wazazi wao ina msingi, nao wasichanganywe na wengine. Mtoto mwenye selimundu anaweza kushikwa na maumivu makali kwa sababu ya baridi, na ugonjwa huu umo katika familia nyingi zilizotoka Kongo, Uganda na maeneo ya Ziwa Victoria. Mtoto mwenye pumu anaweza kubanwa na kifua akivuta hewa kavu ya baridi huku akikimbia. Hawa wanahitaji mpango wa maandishi kutoka kwa daktari, mwalimu anayeujua mpango huo, dawa iliyo karibu, na mwenzao wa kucheza naye ndani siku wanazozuiwa ili wasikae peke yao. Tunapopiga simu shuleni kwa ajili ya kila mtoto, ombi la mama wa mtoto mwenye selimundu linamezwa na maombi yetu yasiyo na sababu.

Mzizi wa tatizo ni nguo. Mtoto hafi kwa baridi ya hewa tu; anaumia kwa koti la pamba lililolowa, soksi moja nyepesi, viatu vya raba vinavyoingiza maji. Pamba ikilowa haina joto tena, na maji hunyonya joto la mwili upesi mno kuliko hewa kavu. Mtoto anahitaji nguo ya ndani inayobana mwili, sweta la sufu au la manyoya ya kutengenezwa, kisha koti na suruali ya theluji visivyopitisha maji, buti zenye nafasi ya kuchezesha vidole, kofia inayofunika masikio, na glavu pea mbili, kwa sababu ya kwanza italowa kabla ya saa sita. Vyote hivyo ni pesa. Familia iliyoshuka kwenye ndege Oktoba ikitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ikiwa na watoto sita, haiwezi kununua vyote kabla theluji haijaanguka.

Hapo ndipo ninapozigeukia shule na halmashauri zake. Mnajua ni nani amesajiliwa. Mnajua ametoka wapi. Mnajua baridi inakuja mwezi gani. Kwa nini basi mwalimu agundue siku ya theluji ya kwanza kwamba mtoto hana buti? Shule inayonunua kompyuta ndogo kwa kila darasa haiwezi kusema imekosa fedha za rafu moja ya makoti na glavu za kuazimisha. Na nguo hizo zitolewe kimyakimya, bila kumpanga mtoto mstarini mbele ya wenzake. Umaskini wa mzazi usiwe adhabu ya mtoto.

Tena adhabu zipo. Kuna walimu wanaomzuia mtoto kwenda mapumziko kwa sababu hakumaliza zoezi au amepiga kelele. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitamka mwaka 2013 kwamba mapumziko yasiondolewe kwa ajili ya adhabu wala kwa ajili ya masomo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Canada iliuridhia 1991, unataja katika kifungu cha 31 haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Mtoto asiyetulia darasani ndiye anayehitaji uwanja kuliko wote. Kumfungia huyo ni kumnyima maji mwenye kiu.

Na hicho kinachoitwa mapumziko ya ndani ni kitu gani? Mara nyingi ni filamu ukutani na watoto wameketi. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili hasa, hadi moyo udunde na pumzi ipande. Majira ya baridi katika sehemu nyingi za Canada huchukua miezi mitano au zaidi. Mtoto anayeketi asubuhi darasani, mchana mbele ya filamu na jioni mbele ya simu atazipata wapi dakika hizo? Macho nayo yanadai haki yake. Utafiti uliofanyika Guangzhou, China, na kuchapishwa 2015, uliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4 miongoni mwao, dhidi ya asilimia 39.5 kwa wenzao wasioongezewa. Mwanga wa nje, hata siku ya mawingu, unaushinda mbali ule wa taa za darasani.

Hata hivyo hasara inayoniuma zaidi haipimwi kwa asilimia. Mtoto mgeni hajifunzi Kiingereza au Kifaransa kwa mwalimu peke yake. Anajifunza akivuta kibao cha kutelezea pamoja na mwenzake, akigombania zamu, akijenga ngome ya theluji na kuamrishwa alete bonge jingine. Huko ndiko marafiki wanakopatikana. Mtoto aliyebaki maktaba majira yote ya baridi huja kutoka Aprili na kukuta wenzake wameshapangana. Sisi wazazi tunalalamika kwamba watoto wetu wanatengwa, na siku nyingine ni sisi wenyewe tuliowatenga kwa simu ya asubuhi.

Nimesikia jibu hili mara nyingi: sisi si watu wa baridi. Waulizeni watu wa Makete na Njombe, Tanzania, ambako Juni na Julai umande huganda juu ya nyasi na watoto wanakwenda shule kwa miguu. Mwili wa mtoto mweusi hauna udhaifu wa kumzuia asicheze nyuzi 10 chini ya sifuri akiwa amevaa. Jambo moja ni kweli: jua la Januari la kaskazini ni dhaifu mno kumpa mtoto vitamini D, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi. Basi mpeni matone ya vitamini D kama daktari atakavyoelekeza, kisha mtoeni nje. Walioishi na baridi vizazi na vizazi hawakuikimbia. Nchini Finland, kila saa ya shule hutengewa angalau dakika 45 za somo, na zinazobaki ni za mapumziko, ambayo watoto wengi huyatumia nje, theluji au jua.

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Ukimlea kuiogopa kwa nusu ya mwaka nchi anayoishi, atakua mgeni ndani yake hata akiwa na pasipoti yake. Kwa hiyo wazazi, acheni kupiga simu hizo bila cheti cha daktari. Nendeni shuleni Septemba mkaulize nguo zinapatikanaje, na msione haya kuzipokea. Wakuu wa shule, bandikeni mlangoni nyuzi ambazo mapumziko huhamia ndani, zijulikane kwa kila mzazi kwa lugha anayoielewa, na siku nyingine zote mlango uwe wazi. Mtoto mwenye afya, koti, buti na glavu hana sababu ya kubaki ndani. Mvisheni, mtoeni, akacheze.