Mji Rafiki: Uununue au Uuache?

Kuna swali linalowagawa vijana wanaocheza Civilization V kwenye kompyuta. Umefanya urafiki na mji mdogo, umeupa zawadi tangu enzi za kale, na sasa hazina yako imejaa dhahabu. Je, uununue mji huo uwe wako kabisa? Wengi hubonyeza ndiyo kabla ya kupiga hesabu, kisha hushangaa wanaposhindwa mwishoni. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa wazazi ambao husikia tu makelele kutoka chumba cha vijana, nieleze kidogo. Mchezo huu ulitolewa mwaka 2010. Kila mchezaji huongoza taifa moja, zamu baada ya zamu, kutoka enzi ya mkuki hadi ya roketi. Kando ya mataifa makubwa kuna miji-dola, yaani miji inayojitawala na isiyotaka kuitawala dunia. Mombasa na Zanzibar zimo, pamoja na Geneva na Singapore.

Ushawishi wako katika mji ukifika 30, mji huo ni rafiki. Ukifika 60 na hakuna anayekupita, ni mshirika wako. Taabu ni kwamba ushawishi huo huvuja kila zamu kama maji ya mtungi wenye ufa, na mpinzani mwenye fedha anaweza kukupokonya mshirika kwa zawadi nono. Hapo ndipo tamaa ya kununua huanzia.

Si kila taifa lililopewa ruhusa hiyo. Austria ya Maria Theresa, iliyoongezwa mwaka 2012, hulipa dhahabu na kuoza harusi ya kifalme, mradi mji umekuwa mshirika wake kwa zamu 5. Venice ya Enrico Dandolo, iliyoongezwa mwaka 2013, humtuma Mfanyabiashara wake maalumu, naye akishanunua mji hatumiki tena. Austria huweza kuuweka mji chini ya amri yake moja kwa moja au kuuacha uwe kibaraka. Venice haina hiari hiyo: mji wake hubaki kibaraka unaojiamulia cha kujenga, ingawa Dandolo anaweza kununua majengo na majeshi humo.

Sasa tupige hesabu. Ukinunua, unapata nyumba, mashamba, watu na hata askari wa mji ule, na hakuna atakayekuja kukutongozea mshirika. Lakini zawadi zinakoma siku hiyo hiyo. Mji wa bahari ulikuwa ukilisha miji yako yote. Sasa unajilisha wenyewe. Mji wa utamaduni, wa dini au wa kijeshi nao hauleti tena kile ulichokuwa ukileta. Ng'ombe wa maziwa akishachinjwa, nyama huliwa mara moja.

Kuna gharama nyingine. Kila mji mpya hupunguza furaha ya taifa, na kila raia wake huipunguza zaidi. Mji uliouweka chini ya amri yako hupandisha pia gharama ya sera na ya elimu. Kibaraka hapandishi gharama ya sera, lakini elimu na utamaduni wake ni pungufu.

Kubwa kuliko yote ni kura. Katika Baraza la Dunia, kila mshirika hukuongezea wajumbe. Mji ulioununua hauna mjumbe tena. Kijana anayetaka ushindi wa diplomasia, kisha ananunua washirika wake mmoja mmoja, anajipunguzia kura kwa fedha zake mwenyewe.

Basi jiulize mambo matatu. Kwanza, ninatafuta ushindi gani? Kama ni wa kura, waache washirika wabaki washirika. Pili, mji uko wapi? Ulio mpakani mwa adui, au ulio karibu na chuma na makaa unayohitaji, unaweza kustahili bei yake. Ulio mbali kisiwani utakusumbua kuulinda. Tatu, je, urafiki huu nitaweza kuutunza? Kama mpinzani tajiri anakuzidi kwa zawadi kila mara, afadhali ununue leo kuliko kuupoteza kesho.

Historia yenyewe ina mifano ya njia zote mbili. Mwaka 1409 Venice ilimlipa Ladislaus wa Naples dukati 100,000 kwa haki zake juu ya Dalmatia. Zadar iliingia mkononi mapema, lakini Split haikupatikana hadi 1420, tena kwa nguvu. Kulipa bei hakukuwa mwisho wa gharama.

Hapa kwetu pwani, Vasco da Gama alipokelewa Malindi mwaka 1498 na kupewa rubani wa kumfikisha Bara Hindi. Wareno hawakuinunua Malindi. Ilibaki rafiki yao kwa miongo mingi, ilhali Mombasa iliwagharimu vita mwaka 1505, 1528 na 1589. Rafiki mmoja aliwafaa bila kumwaga damu ya kumteka.

Kwa hiyo, kijana, kabla ya kubonyeza ndiyo, chukua karatasi. Upande mmoja andika mji unakupa nini ukiwa rafiki. Upande wa pili, utakupa nini ukiwa mali. Nawe mzazi, ukimkuta mwanao na karatasi hiyo badala ya kitabu cha hesabu, usimkaripie mara moja. Mwulize kwanza amepata jibu gani.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri ya kuonana.