Mche wa parachichi uuzwe na jina la mti wake

Mvua zikikaribia, barabara za Njombe, Rungwe na Hai hujaa miche ya parachichi. Iko kwenye viriba kando ya lami, mingine imefungwa nyuma ya pikipiki, na kila muuzaji anaapa kuwa ni Hass, imebebeshwa, miaka mitatu tu unavuna. Mnunuzi hana cha kukagua ila majani, na majani ya mche mchanga hayamwambii kitu.

Hass halisi haipatikani kwa kupanda kokwa. Ilianza na mti mmoja wa Rudolph Hass huko California, akaupatia hataza mwaka 1935, na kila Hass ya leo imetokana na vikonyo vya ukoo wa mti ule. Ukipanda kokwa yake utapata mparachichi, lakini tunda lake litakuwa lolote lile, na huenda ukalisubiri miaka saba au zaidi. Mkulima akidanganywa, anakuja kujua miti ikishakuwa mikubwa, na muuzaji hayupo tena barabarani. Kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, eka moja inabeba miche kama 80. Hiyo ni eka nzima ya kung'olewa, pamoja na mbolea, maji na palizi ya miaka yote hiyo.

Kubebesha kwenyewe si kazi ndefu. Fundi husubiri mche wa chini ufikie unene wa penseli, anaukata kichwa, anaupasua katikati, anachonga kikonyo mfano wa kabari, anakichomeka mpaka maganda yakutane, anafunga nailoni. Mikono iliyozoea haichukui dakika nyingi. Kazi kubwa iko kabla ya kisu. Kikonyo kinapaswa kutoka kwenye mti wenye afya ambao umeshazaa na matunda yake yanajulikana. Kikitoka kwenye mti mchanga ambao haujawahi kutoa ua, kitachelewa kuzaa hata kama kimeshika vizuri. Kokwa za kuotesha zichumwe mtini, zisiokotwe chini. Udongo ufunikwe kwa plastiki juani kabla ya kujazwa, na viriba viinuliwe juu ya kichanja au changarawe, kwa sababu vimelea vya kuozesha mizizi, Phytophthora cinnamomi, husafiri ndani ya kiriba hadi shambani, na vikishaingia havitoki kirahisi.

Anayefuata hatua hizo zote anakaa na mche karibu mwaka mzima kabla ya kuuza. Halafu anashindanishwa bei na mtu aliyeotesha kokwa za sokoni na kuzifunga nailoni kidogo shinani. Tunawaonea watu hawa. Wengi ni vijana na akina mama waliojifunza ufundi kwa bidii, na soko halina namna ya kuwatofautisha na matapeli.

Namna ipo, na si ya gharama. Kila mche wa matunda unaouzwa uwe na lebo inayotaja aina, kitalu, mti mama uliotoa kikonyo na tarehe ya kubebesha. Mwenye kitalu awe na daftari linalolingana na lebo hizo. TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu, ipite vitaluni wakati vikonyo vinakatwa, wala isingoje miche ifike barabarani, kwa kuwa pale hata mtaalamu hawezi kuthibitisha asili yake kwa macho. TARI Tengeru, ambako utafiti wa mazao ya bustani unafanyika, isaidie kuhakikisha miti mama iliyothibitishwa inapatikana wilayani, ili mwenye kitalu wa Makete asilazimike kusafiri hadi Arusha kutafuta vikonyo.

Mkulima naye asinunue mche usio na kovu la kubebesha linaloonekana wazi, na akishapanda aondoe kila chipukizi linalotokea chini ya kovu hilo. Likiachwa litaipita Hass, na atakuwa amekuza mti wa kienyeji kwa jasho lake mwenyewe.

Mahali pa kuanzia ni halmashauri zinazonunua miche kwa fedha za umma na kuigawa kwa wananchi. Lebo na daftari viwe sharti la zabuni kuanzia msimu huu, na mzabuni asiyeweza kuwapeleka maofisa ugani kwenye mti mama wake asilipwe.