Vidole Viwili

Mwalimu mmoja wa gitaa hapa Nairobi aliniambia kupiga kwa gumba na kidole cha shahada ni ushamba. Nikameza. Miaka minne nikakariri skeli zake, na kila nikipanda jukwaani mikono inatetemeka. Yaani nilimwonea haya baba, aliyenifundisha!

Sasa nauliza: Jean-Bosco Mwenda wa Katanga alipiga kwa vidole vingapi? Si viwili hivyo hivyo? Na George Mukabi na omutibo yake, chupa ya soda ikikwaruzwa kando? Benga nayo iliazima mapigo ya nyatiti, yenye nyuzi 8. Nani aliipa cheti?

Eti tujifunze kupiga "vizuri" kwanza. Vizuri kwa masikio ya nani?

Jumamosi nilipiga mtindo wa baba, nikauchanganya na wangu. Nilikosea mara mbili. Sikushuka.