Mali Kauli na Dhamiri: Maduka Makubwa Yalipoanguka, Nani Alilipa?

Katika kipindi kifupi, wakazi wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wameshuhudia majina makubwa ya biashara ya rejareja yakizimika moja baada ya jingine. Uchumi, Nakumatt na Tuskys yalikuwa majina yanayofahamika katika kila nyumba. Leo yamebaki katika kumbukumbu za waliofanya kazi humo na katika majalada ya mahakama. Mahali pao wameingia wafanyabiashara wengine, na baadhi yao wanauza kwa bei ambayo mchuuzi wa kawaida hawezi kuifikia. Mwamini aweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya wachumi na mawakili. Sisi tunaona kwamba yanamgusa kila anayebeba kikapu kwenda dukani, kwa sababu nyuma ya kila bei yupo mtu aliyelima, aliyeshona, aliyesafirisha au aliyesimama kaunta kutwa nzima.

Kupanda na kuanguka

Kampuni ya Uchumi ilianzishwa na Serikali ya Kenya mwaka 1975, ili bidhaa za lazima zimfikie mwananchi kwa bei nafuu na wenye viwanda wa nchini wapate mahali pa kuuzia. Mwaka 2006 ilifunga milango kwa kulemewa na madeni. Iliokolewa kwa msaada wa Serikali na uvumilivu wa wadai, na mwaka 2011 hisa zake zikarudi katika Soko la Hisa la Nairobi. Uponyaji huo haukudumu. Mwezi Oktoba 2015 ilifunga maduka yake yote ya Uganda na Tanzania, na mamia ya wafanyakazi wakajikuta nje.

Nakumatt, ambayo jina lake lina asili katika duka la magodoro mjini Nakuru, ilipanda juu zaidi. Katika kilele chake ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi za Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na mwaka 2014 ilinunua maduka ya Shoprite, kampuni ya Afrika Kusini, iliyokuwa ikiondoka Tanzania. Shambulio la kigaidi la Westgate, Septemba 2013, liliteketeza moja ya maduka yake makubwa jijini Nairobi, lakini jeraha lililoiua lilikuwa la ndani. Mwezi Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi. Miaka miwili baadaye wadai walipiga kura ifilisiwe, ikiwa na madeni yaliyozidi shilingi bilioni 30 za Kenya. Matawi yake sita ya mwisho yalichukuliwa na mshindani wake, Naivas.

Tuskys, biashara ya familia iliyochipuka Rongai katika eneo la Nakuru, ilidhaniwa kuwa ndiyo mrithi. Hata hivyo, ndugu walifikishana mahakamani kwa miaka mingi juu ya usimamizi wa mali waliyoachiwa na baba yao. Janga la UVIKO-19 lilipoingia mwaka 2020, kampuni haikuwa na akiba wala umoja wa kuikabili dhoruba, na ndani ya muda mfupi karibu maduka yake yote yakafungwa. Wageni nao hawakusalimika: Shoprite na Game kutoka Afrika Kusini, pamoja na Choppies ya Botswana, ziliingia Kenya na kuondoka.

Haifai kusema kwamba soko lenyewe lilikufa. Naivas, nayo pia mzaliwa wa Rongai, imepita matawi 100, na mwaka 2022 sehemu ya hisa zake ilinunuliwa na kundi la wawekezaji wakiongozwa na kampuni ya IBL ya Mauritius. Carrefour, inayoendeshwa na kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, ilifungua duka lake la kwanza Nairobi mwaka 2016 na imeenea. Wanunuzi hawakupungua, jambo la kuchunguza ni jinsi fedha zao zilivyotumika baada ya kupita kaunta.

Fedha za nani?

Wafanyabiashara wetu wa pwani na bara wana neno la zamani: mali kauli. Mwenye mali humkabidhi mwuzaji bidhaa kwa neno tu, auze kwanza kisha amlipe. Desturi hiyo imejenga maelfu ya maduka, kwa maana inasimama juu ya uaminifu. Maduka makubwa yanaendeshwa kwa desturi hiyohiyo, ila kwa kiwango kikubwa mno. Maziwa yanaletwa leo kwa mkopo, yanauzwa kesho kwa fedha taslimu, lakini aliyeyaleta analipwa baada ya siku 60, 90 au zaidi. Katika nafasi hiyo ya kati, duka linashika fedha ambazo kwa haki ni za mwingine.

Ikiwa fedha hizo zinatunzwa, hakuna ubaya. Hatari inaanza pale zinapotumika kukodi jengo jipya, kununua rafu mpya na kufungua tawi jingine, kwa matumaini kwamba mauzo ya tawi hilo yatalipa deni la tawi lililotangulia. Mauzo yakipungua kidogo tu, mnyororo wote unakatika. Mleta bidhaa asiyelipwa anaacha kuleta. Rafu zinabaki tupu. Mteja anakwenda kwingine. Fedha zinapungua zaidi. Waliopita katika maduka ya Nakumatt mwaka 2017 wanakumbuka rafu zilizopangwa chupa za aina moja tu ili kuficha utupu. Wahenga walionya juu ya kukopa arusi na kulipa matanga.

Nembo ya Nakumatt ilikuwa tembo, na tembo alipoanguka nyasi ziliumia. Benki kubwa zilipata hasara, lakini benki ina mawakili na ina akiba. Kiwanda kidogo cha maandazi, mfugaji wa kuku wa mayai, kikundi cha akina mama wanaofunga asali katika chupa, hao hawakuwa na kinga. Katika ufilisi, wenye dhamana hulipwa mapema, na asiye na dhamana husubiri mwisho wa foleni, mara nyingi bila kupata kitu. Wafanyakazi wengi nao waliondoka wakidai mishahara ya miezi kadhaa.

Kenya imejaribu kujifunza. Mwaka 2019 sheria ya ushindani ilifanyiwa marekebisho ili kukaza masharti dhidi ya mnunuzi mkubwa anayetumia nguvu zake kumkandamiza mwuzaji mdogo. Mwaka 2020 Mamlaka ya Ushindani iliingilia kati madeni ya Tuskys. Mwaka 2023 iliitoza Majid Al Futtaim faini ya takribani shilingi bilioni 1.1 kwa namna ilivyowatendea waleta bidhaa wawili, mmoja wa asali na mwingine wa mafuta ya kupikia. Kampuni hiyo iliupinga uamuzi huo. Lolote liwalo, kanuni imewekwa wazi: ukubwa wa duka haumpi mtu haki ya kujiandikia masharti peke yake.

Bei ya chini na hofu ya wachuuzi

Upande mwingine wa mabadiliko haya ulionekana mapema mwaka 2023, duka la China Square lilipofunguliwa katika jengo la Unicity, karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Vyombo vya nyumbani, vifaa vya umeme na mapambo viliuzwa kwa bei ya chini sana, na watu walimiminika. Mwishoni mwa Februari, wafanyabiashara wa Gikomba, Nyamakima na Kamukunji waliandamana katikati ya jiji wakidai wageni waondoke. Kauli za viongozi wa Serikali zilipingana. Duka lilifungwa kwa muda, likafunguliwa tena, na baadaye likaongeza matawi. Nchini Tanzania mjadala huohuo, uliosikika sana Kariakoo, ulifikia hatua ya sheria: mwezi Julai 2025 Serikali ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, ikiwamo biashara ya jumla na rejareja, isipokuwa maduka makubwa ya supamaketi.

Mchuuzi wa Gikomba ana hoja ambayo haipaswi kubezwa. Kwa miaka mingi yeye alinunua kwa mwagizaji, mwagizaji alinunua kwa wakala, na kila mmoja aliweka faida yake ili kusomesha watoto. Sasa anayemiliki mlango wa kiwanda amefungua duka mbele ya mteja, na ngazi zote za katikati zimeondolewa. Mama wa familia yenye kipato kidogo naye ana hoja: sufuria aliyokuwa akiitamani sasa anaweza kuinunua. Wote wawili hukutana Jumapili katika benchi moja kanisani.

Kwa hiyo hatuwezi kushangilia bei ya chini bila kuuliza imetoka wapi, wala hatuwezi kugeuza uchungu wa biashara kuwa chuki kwa mgeni. Wafanyabiashara wa Kiafrika nao wanaishi na kununua bidhaa katika miji ya China, Dubai na Istanbul, na tungehuzunika wakifukuzwa kwa sababu ya asili yao. Linalofaa kudaiwa ni sheria moja kwa wote: kodi ilipwe na wote, ubora wa bidhaa ukaguliwe, mshahara wa mfanyakazi ulindwe, na mtaji mkubwa usiruhusiwe kuuza kwa hasara hadi wadogo wafe kisha upandishe bei.

Mafundisho Jamii ya Kanisa

Mwezi Mei 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV alieleza kwamba alichagua jina lake akimkumbuka hasa Papa Leo XIII, ambaye katika Waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891 alilitazama suala la wafanyakazi katika mapinduzi makubwa ya viwanda. Waraka huo unaweka kumnyima mfanyakazi ujira wake kati ya dhambi zinazolia mbinguni, ukirejea Barua ya Mtakatifu Yakobo, sura ya 5. Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, iliagiza kibarua maskini alipwe kabla jua halijatua. Tukiyapima hayo kwa hali ya leo, mfugaji anayesubiri siku 120 alipwe fedha za mayai yaliyokwisha kuliwa yuko karibu sana na kibarua yule.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Centesimus Annus ya mwaka 1991, alikubali kwamba faida ina nafasi yake halali, kwa kuwa inaonyesha biashara inakwenda vizuri. Papo hapo alionya kwamba hesabu zaweza kuwa sawa huku watu, walio hazina kuu ya biashara, wakidhalilishwa. Katika Caritas in Veritate ya mwaka 2009, Papa Benedikto XVI alifundisha kwamba kununua ni tendo la kimaadili daima, na Papa Fransisko akalirudia fundisho hilo katika Laudato si'. Kanisa pia lina mfano hai: Mtakatifu Homobonus wa Cremona, mfanyabiashara wa nguo wa karne ya 12, mlei mwenye familia, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1199 kwa uaminifu wake na ukarimu kwa maskini.

Wajibu ulio mikononi mwetu

Kwanza, mnunuzi ajue nguvu aliyo nayo. Hatumwambii mwenye kipato kidogo alipe bei ya juu asiyoimudu. Lakini anayeweza kugawa matumizi yake, baadhi katika duka kubwa na baadhi kwa mama mboga na duka la mtaa, anailinda riziki ya jirani. Duka la mtaa ndilo linalouza sukari ya robo na mafuta ya kupima, na ndilo linaloandika deni katika daftari mtoto anapougua. Hakuna supamaketi inayofanya hivyo. Atakayekopa hapo akumbuke kwamba dawa ya deni ni kulipa.

Pili, wazalishaji wadogo wasiingie peke yao katika mlango wa mnunuzi mkubwa. Vyama vya ushirika, na vyama vya akiba na mikopo ambavyo parokia nyingi zinavyo, viwasaidie kudai mkataba wa maandishi wenye tarehe ya malipo, na kutotegemea mnunuzi mmoja.

Tatu, na hili tunalisema kwa unyofu, taasisi za Kanisa ni wanunuzi wakubwa. Shule, hospitali, seminari na vituo vyetu vya mafungo hununua maharage, maziwa, unga na kuni kwa waamini walewale tunaowahubiria haki. Kamati ya fedha ya kila parokia na mhasibu wa kila shule waulizane: tunamlipa mleta mboga baada ya siku ngapi? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko mahubiri mengi.

Nne, wenye mamlaka watekeleze sheria zilizopo mapema, kabla rafu hazijawa tupu, na waangalie kwamba mishahara na madai ya wadogo hayasahauliwi katika ufilisi.

Maduka yatazidi kufunguliwa na kufungwa, na majina tunayoyaona leo barabarani huenda wajukuu wetu wasiyajue. Neno lililotolewa kwa mleta bidhaa, hata hivyo, haliishi na kampuni iliyolitoa. Mwenye mali aliyekabidhi jasho lake kwa kauli alimwamini mtu, na Mungu humwuliza mtu, si nembo iliyokuwa juu ya mlango.