Pepo Zisizo na Jina

Kaskazi na Kusi twazijua. Wazee wetu walisafiri kwazo, na hata mtoto wa pwani aweza kukutajia miezi yake. Lakini zipo pepo nyingine, zaidi ya kilomita 16 juu ya Ikweta, ambazo hatujazipa jina, ijapokuwa dalili mojawapo ya kwanza ilipatikana papa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1908 Mjerumani Arthur Berson alirusha maputo katika eneo la Ziwa Victoria, akakuta huko juu upepo utokao magharibi. Jambo hilo lilitatiza, kwani majivu ya volkano ya Krakatau, iliyolipuka mwaka 1883, yalikuwa yamepeperushwa na upepo utokao mashariki.

Kumbe yote mawili yalikuwa kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilibainika kwamba pepo hizo hubadilishana zamu, na mzunguko mmoja huchukua miezi 28 hivi. Mimi huziita pepo za kupokezana, hadi mwenzangu atakapopata jina bora.

Zahusianaje na mvua? Vipimo vya miongo ya karibuni vyaonyesha kwamba kati ya Desemba na Februari, zikivuma kutoka mashariki katika tabaka la chini la stratosfia, lile kundi la mawingu lisafirilo kutoka Bahari ya Hindi kuelekea Pasifiki kila siku 30 hadi 60 hupata nguvu zaidi. Kundi hilo huathiri pia mvua zetu za masika.

Modeli nyingi za kompyuta haziuonyeshi uhusiano huo. Siku hizi kadhaa huweza kuziunda pepo zenyewe, lakini huwa dhaifu mno katika tabaka lile la chini, karibu na vilele vya mawingu. Aidha, mawimbi madogo ya hewa yazisukumayo ni madogo kuliko vipimo vya modeli, hivyo hukadiriwa tu. Kwa jicho la mwanaisimu, mashine hizi zina msamiati ila sarufi yazipiga chenga. Mwanzoni mwa 2016 pepo hizo zilivunja mpangilio wao ghafla, na utabiri haukuwa umeliona hilo.

Sisemi modeli zitupwe. Hatuna chombo bora. Kinachonikera ni darasa letu. Mwalimu mmoja wa Jiografia aliniambia kwamba mvua ikikosa kunyesha ilivyotabiriwa, wanafunzi wake huangua kicheko. Wafanyeje, na hakuna aliyewaeleza, kwa lugha waielewayo, ni kiungo kipi kilichopotea? Ningefurahi kuona mtihani umwulizao mwanafunzi si modeli yasema nini tu, bali yakosea wapi, na kwa nini.