Manga ya Kisii, Ganze ya Kilifi: wazee wenye mashamba

Kwetu pwani ukitaja Manga, mtu hufikiri Arabuni, kama tusemavyo pilipili manga. Iko Manga nyingine bara, kwenye genge refu linalotazama Kisii na Nyamira. Bahari hakuna, ila Wakisii wenyewe ni kama kisiwa: Wabantu waliozungukwa na Wajaluo, Wakipsigis na Wamasai.

Na kisiwa kimejaa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 kaunti ya Kisii, zaidi ya 950 kwa kila kilomita mraba. Mtoto wa kiume hutarajiwa ajenge kwa babake, ndipo ahesabiwe mtu. Asiyejenga ataitwaje mwanamume? Lakini shamba limegawanywa hata limekuwa kipande cha leso, na juu ya kipande hicho amekaa mjane mzee.

Hapo ndipo neno "mchawi" hutamkwa. Mei 2008 watu 11 walichomwa moto Kisii. Oktoba 2021, huko Marani, wakauawa kina mama wanne watu wazima.

Msomaji, tusiwanyooshee kidole. Kilifi yetu wazee wanauawa kwa sababu ya mvi tu, na Kaya Godoma, Ganze, imekuwa kimbilio la waliookoka. Husemwa ni ushirikina. Mimi naona ushirikina ni kisingizio. Chunguza vizuri, nyuma ya ramli utakuta minazi na mpaka wa shamba. Tena anayesingiziwa mara nyingi ni yule asiyetembelewa: mume amekufa, wanawe wako Mombasa au Nairobi, salamu zao ni za M-Pesa. Asiye na mtu wa kumsemea ndiye mwepesi kuitwa mchawi.

Sheria zipo. Ile ya Uchawi ya 1925, ya Mwingereza, inakataza kumsingizia mtu uchawi. Ya urithi inampa mjane haki ya kukaa katika mali ya mumewe. Nasi Waislamu tuna thumni ya mjane mwenye watoto, robo kwa asiye nao, imeandikwa ndani ya Qur'ani. Lakini ni wajane wangapi mtaani kwako wamekabidhiwa mkononi?

Kumhamisha mzee kambini kunamwokoa roho, sawa, lakini aliyemtisha hubaki na alichokitaka. Polisi wanapouliza nani alishika kiberiti, waulize pia nani analima shamba lile leo. Chifu anamjua. Na majirani wanamjua.