SINDANO MOJA, MIILI MIWILI: MWACHENI DADA WA WATU APUMUE!

Wiki nzima mtandaoni ni kumnanga mwigizaji mmoja tu. Kisa? Yeye na shosti wake mtangazaji (majina yabaki kabatini) walianza sindano ya kupunguza mwili mwezi mmoja. Miezi sita baadaye mtangazaji anavaa magauni ya mdogo wake, mwigizaji kapungua kilo tatu. Basi komenti ni matusi: mvivu, mlafi, anakula chipsi usiku, hela hiyo si angenunua kiwanja!

Wewe uliyeandika anakula usiku, ulikuwa jikoni kwake saa ngapi?

Watu wanadhani hii sindano inayeyusha mafuta kama siagi kwenye kikaango. Hapana. Dawa iliyomo ndani, semaglutaidi, ile inayouzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy, inaiga homoni ambayo utumbo unaitoa mtu akishakula. Ubongo unapata taarifa ya kushiba, na chakula kinakaa tumboni muda mrefu kidogo. Aliyekuwa anasumbuliwa na njaa isiyoisha anaweza kuona maajabu. Ila kuna mwingine mwili wake umejaa kwa sababu ya vidonge vya steroidi au insulini, huyo hawezi kutarajia safari ileile.

Na siyo maneno ya kijiweni. Mwaka 2021 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa wa dawa hii, watu 1,961 wasio na kisukari, wiki 68. Wote walipewa ushauri wa chakula na mazoezi. Waliochomwa dawa yenyewe walipungua wastani wa karibu asilimia 15. Sasa wastani unaficha mambo jamani! Karibu theluthi yao walipoteza asilimia 20 na kuendelea, lakini kama 14 katika kila 100 hawakufika hata asilimia 5. Yaani wawili wanaanza na kilo 100, mmoja anatoa kilo 20, mwenzake hazifiki tano. Dawa ileile, ushauri uleule. Kwa wenye kisukari wastani ulikuwa chini zaidi, karibu asilimia 10. Na wanawake kwa kawaida wanapungua kuliko wanaume, kwa hiyo kaka unayejilinganisha na mkeo, tulia.

Halafu kuna dozi. Mtu anaanza na miligramu 0.25 kwa wiki, anapandishwa kila baada ya wiki nne mpaka 2.4. Wengine kichefuchefu kinawashika, wanabaki chini. Nani kati ya hao wachambaji anajua mwigizaji yuko dozi gani? Na peni zenyewe, kabla hazijaanza kutumika zinatakiwa kukaa kwenye friji, wakati mjini zinauzwa inboksi na kuletwa na bodaboda jua la saa saba. Feki pia zipo: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya semaglutaidi bandia zilizokutwa Brazil, Uingereza na Marekani.

Ndiyo, wapo wanaochoma huku wanabugia soda. Wapo. Lakini huwezi kumjua mtu kwa picha ya Instagram.

Mwenye kosa kubwa hapa ni mtangazaji. Kila akiulizwa siri anasema ni maji ya ndimu na nidhamu. Nidhamu! Shosti wake anatukanwa, yeye anaweka emoji ya kucheka. Asitambe sana pia, maana katika utafiti uleule waliofuatiliwa baada ya kuacha dawa, ndani ya mwaka walirudisha theluthi mbili ya kilo walizopoteza.

Kinachotisha ni jibu la mwigizaji juzi usiku. Kaandika kwamba ataongeza dozi mwenyewe, liwalo na liwe. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu watu waliokosea dozi ya semaglutaidi, wengine wakaishia kulazwa. Huyu dada anatakiwa kurudi kwa daktari, aulize dozi yake, dawa nyingine anazomeza, tezi ya shingo kama iko sawa, na kama kuna sababu ya kuhamia sindano nyingine kama Mounjaro. Nyie mnaomwandikia "ongeza mbili dada", futeni hizo komenti leo, kabla hajachoma ya wiki hii.